Chuo nyumbani, Kenya, Ujerumani au China? Linganisha mfumo kabla ya kulinganisha majina

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mazungumzo ya nyumbani huwa ya majina. UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, au Mlimani? Nairobi au Beijing? Na hapakosi mjomba wa kuitaja Ujerumani, "maana kule ni bure". Majina hayo hayamsaidii sana kijana. Vyuo viwili vinaweza kufundisha kozi moja kwa vitabu vilevile, lakini maisha ya mwanafunzi yakatofautiana kabisa kwa sababu anayeviongoza ni tofauti. Nani anaamua upate nafasi? Nani analipa? Nani anaweza kuifunga kozi yako ukiwa mwaka wa pili? Hayo hayaandikwi kwenye vipeperushi vyenye picha za mabweni mapya.

Naandika haya kwa kijana na mzazi wa huku kwetu, kuanzia Dodoma mjini hadi Kondoa, Mpwapwa, Kongwa na Singida, ambao wamebaki na njia nne mezani na hawajui waegemee wapi. Nimezichagua nne hizi kwa sababu ndizo zinazotajwa zaidi na pia kwa sababu zimejengwa kwa namna nne tofauti. Nitazipima zote kwa mambo matano: nani mwenye kauli juu ya chuo, mlango wa kuingilia na kalenda yake, pesa zinatoka wapi, ukifeli inakuwaje, na cheti kinapokelewaje ukirudi.

Nani mwenye kauli

Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, iliyoundwa mwaka 2005 chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu. Kila chuo kikuu kina Baraza lake na Seneti yake, na kwenye vyuo vya umma mkuu wa chuo huteuliwa na Rais. Tume ndiyo inayotoa ithibati, kuidhinisha kozi na kuweka sifa za chini za kuingia. Kuna jambo wazazi wengi wa Dodoma hawalijui: si kila chuo kinachotoa shahada hapa mjini kiko moja kwa moja chini ya Tume hiyo. UDOM na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, vyote vya mwaka 2007, viko TCU. Chuo cha Mipango na CBE, Chuo cha Elimu ya Biashara, vinasimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, ingawa shahada wanatoa. Hilo si kasoro hata kidogo, ila ujue mlango wa kugonga ukipata shida.

Uzuri wa mfumo wetu ni kwamba kuna mtu wa kulalamikiwa, naye ana meno. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa sababu ya upungufu uliobainika. Ubaya wake ni kwamba mkono huohuo wa Serikali ukigeuka, unakugeukia wewe. Watu wa Dodoma hawajasahau Mei 2016, pale wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu waliporudishwa nyumbani kutoka UDOM, mabegi na magodoro yakijaa barabarani. Baadaye wengi wa waliokuwa na sifa walipangiwa vyuo vya ualimu. Walikuwa watoto walioingizwa kwenye programu hiyo na Serikali, wakaondolewa na Serikali, na chuo chenyewe hakikuwa na la kusema. Nalitaja kwa sababu uamuzi wa juu kwenye mfumo wa namna hii unafika chini kwa siku moja.

Kenya nayo ina tume yake, CUE, chini ya sheria ya mwaka 2012, na ukiisoma kwenye karatasi unaweza kudhani ni ndugu pacha wa TCU. Tofauti iko kwenye ubishi. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rais wa Kenya alikuwa mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma. Mwaka 2003 Mwai Kibaki akaachana na utaratibu huo, kila chuo kikapewa mkuu wake. Tangu hapo mambo ya vyuo huamuliwa hadharani, bungeni, mahakamani na kwenye vyama vya wahadhiri. Utaratibu mpya wa ufadhili ulioanza 2023 ulipelekwa mahakamani, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikasema unakiuka katiba, kisha kesi ikaendelea ngazi ya rufaa. Mwanafunzi ana sauti, lakini anaisubiri hukumu kama wengine.

Ujerumani hakuna waziri mmoja wa kupiga simu. Nchi ina majimbo 16, kila jimbo lina sheria yake ya vyuo vikuu na wizara yake. Kifungu cha 5 cha Katiba yao kinalinda uhuru wa utafiti na ufundishaji, kwa hiyo hata jimbo linalotoa fedha halimwamrii profesa afundishe nini. Mkuu wa chuo huchaguliwa na vyombo vya chuo chenyewe. Kuna pia mgawanyiko wa aina: chuo kikuu cha nadharia na utafiti upande mmoja, na upande wa pili vyuo vya sayansi tumizi, ambako mwanafunzi wa uhandisi hupelekwa kiwandani mapema. Kwa kijana anayependa kushika spana, vile vya pili mara nyingi vinafaa zaidi, japo jina lao halivumi.

China mstari ni mmoja, kutoka juu hadi chini. Sheria yao ya elimu ya juu ya mwaka 1998 inasema wazi kwamba rais wa chuo cha umma hufanya kazi chini ya uongozi wa kamati ya Chama cha Kikomunisti iliyomo chuoni. Wizara ya Elimu huamua vyuo gani vipewe fedha za kupandishwa daraja, na pia hutoa orodha ya vyuo vinavyoruhusiwa kufundisha udaktari kwa Kiingereza. Faida yake mtu anaiona kwa macho: kikiamuliwa kitu, kinajengwa. Hasara yake ni kwamba mwanafunzi hana chombo cha kubishana nacho, na mgeni ndiyo hana kabisa.

Mlango na kalenda

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na kinachowakwamisha mara nyingi ni tarehe, wala si alama.

Kwetu sifa ya chini kwa aliyemaliza kidato cha sita ni prinsipo mbili, yaani masomo mawili aliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi 4.0, A ikihesabiwa 5 na E ikihesabiwa 1. Kozi zenye ushindani huongeza masharti yao juu ya hapo. Tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji hutuma maombi moja kwa moja chuoni, si kupitia dirisha moja la Tume kama zamani. Ukipata vyuo viwili au vitatu, lazima uthibitishe kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu, na siku zake ni chache. Shida ni kwamba wakati wa madirisha hayo kijana mara nyingi yuko JKT kwa mujibu wa sheria, Makutupora au kambi nyingine ya mbali zaidi, na simu anaishika kwa nadra.

Mama mmoja kutoka Kibaigwa alifika steshenari karibu na Jamatini akiwa na bahasha ya plastiki kifuani, ndani yake cheti cha kuzaliwa cha mtoto kilichohakikiwa RITA, fomu ya mkopo yenye mhuri wa mwenyekiti wa kijiji, na kipande cha karatasi alichoandikiwa nywila na mwanawe kabla hajaenda kambini. Herufi moja ilikuwa haisomeki, kama "o" au sifuri. "Baba, jaribu zote mbili," akamwambia kijana wa kompyuta, "huyu mtoto nimeuza mahindi kwa ajili yake." Ilifunguka kwa sifuri. Mfumo wetu uko karibu kiasi hicho, hata mama anaweza kuusukuma kwa niaba ya mwanawe. Jaribu kufanya hivyo na ubalozi.

Kenya, Mtanzania haombi kupitia KUCCPS, chombo kinachowapanga Wakenya waliofanya KCSE, mtihani wao wa kumaliza sekondari. Anaomba chuoni moja kwa moja. Vyuo vingi, hasa binafsi, vina mihula kadhaa ya kuanza kwa mwaka, kwa hiyo aliyechelewa dirisha la nyumbani hapotezi mwaka mzima. Zingatia pia kwamba mfumo wao wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo) ulifuta kidato cha tano na sita, na shahada ikawa miaka minne. Uliyetoka na kidato cha sita unaweza kukaa darasa moja na vijana waliotoka kidato cha nne. Mwaka wa kwanza utauona mwepesi, na baadhi ya kozi zinazochukua miaka mitatu kwetu zitakuchukua minne.

Ujerumani, vyuo vingi hupokea maombi ya wageni kupitia uni-assist, ofisi ya pamoja inayokagua nyaraka kwa niaba ya vyuo, na tarehe ya kawaida ya kufunga kwa muhula wa Oktoba ni Julai 15. Weka tarehe hiyo kando ya matokeo yetu yanayotoka Julai, utaona mwenyewe: karibu haiwezekani kuomba mwaka huohuo. Shahada ya kwanza pia hufundishwa zaidi kwa Kijerumani, na kiwango kinachotakiwa hakipatikani kwa miezi mitatu. Wengine hutakiwa kwanza kupita Studienkolleg, mwaka wa maandalizi wenye mtihani wake. Kwa hiyo hesabu mwaka mmoja au miwili kabla hujaingia darasa la kwanza la chuo. Shahada ya uzamili ni habari nyingine, maana kozi za Kiingereza ni nyingi.

China, ufadhili wa serikali yao hutangazwa mwanzoni mwa mwaka na kufungwa kabla matokeo yetu hayajatoka. Waliofaulu kwa shahada ya kwanza kwa kawaida huanza na mwaka mzima wa lugha. Dodoma tuna nafasi ambayo mikoa mingi haina: UDOM ina Taasisi ya Confucius, na kijana anayesubiri mwaka anaweza kuanza Kichina hapohapo Chimwaga. Aliyefika na lugha kidogo na aliyefika mikono mitupu hawateseki sawa.

Pesa

Nyumbani, kozi nyingi za vyuo vya umma huwa na ada inayozunguka shilingi milioni moja hadi moja na nusu kwa mwaka. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hukopesha ada na pesa ya kujikimu, lile boom lenyewe. Mkopo si zawadi: ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi deni liishe. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyokuwa ikilivimbisha deni mwaka hadi mwaka, ilifutwa 2021. Si kila mwombaji hupata, wala si kila anayepata hupata asilimia mia. Lakini mkopo huu wa kawaida umejengwa kwa ajili ya vyuo vya ndani, na kwa familia ya mkulima wa alizeti au zabibu hilo peke yake linaweza kumaliza mjadala.

HELB, bodi ya mikopo ya Kenya iliyoundwa 1995, ni ya Wakenya. Wewe utalipa mwenyewe, kwa shilingi ya Kenya. Badilisha kwa kiwango cha siku hiyo kabla hujasema "ada ni laki moja tu". Uliza pia kwa maandishi kama chuo kinawatoza wanafunzi wa Afrika Mashariki sawa na wenyeji, kwa sababu vyuo havifanani. Nauli angalau haisumbui: unapanda basi Dodoma, unapita Kondoa na Babati hadi Arusha, unavuka Namanga, na ukifiwa unafika nyumbani mazishini.

Tuje kwa mjomba na Ujerumani yake ya bure. Ni kweli, vyuo vya umma katika majimbo mengi havitozi ada ya masomo hata kwa mgeni, unalipa mchango wa muhula tu. Lakini jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017, na chuo kikuu cha ufundi cha München kilianza kuwatoza mwaka 2024. Hayo ni matokeo ya kila jimbo kuwa na sheria yake, ndiyo maana nimeanza na nani mwenye kauli. Na kabla ya viza unatakiwa kuonyesha pesa ya kuishi mwaka mzima kwenye akaunti iliyofungwa: euro 11,904 kwa kiwango cha tangu Septemba 2024. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 30 za kwetu, taslimu, kabla hujapanda ndege. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi, upo, ila umeelekea zaidi uzamili na uzamivu. Ukishafika unaruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima kwa mwaka, na wengi ndivyo wanavyoishi.

China ya ufadhili kamili hulipa ada, malazi na posho ya yuan 2,500 kwa mwezi kwa wa shahada ya kwanza. Ni mpango mzuri kuliko wengi wanavyodhani. China ya kujilipia ni kitu kingine, na huko ndiko mawakala wanakopenda kukupeleka. Kufanya kazi bila kibali ni kosa, hivyo usipange kwamba "nitajitafutia hukohuko". Mzazi akiambiwa na wakala kwamba mtoto amepata "nusu ufadhili", aombe barua ya chuo yenyewe na ahesabu nusu iliyobaki kwa miaka yote, ukiwemo mwaka wa lugha.

Ukifeli

Kwetu maneno yanajulikana: sapu (mtihani wa marudio), kari (somo unalolibeba hadi mwaka unaofuata), disko (kuondolewa masomoni). Anayedisko anaweza kuanza upya chuo kingine au kozi nyingine, na wapo waliofanya hivyo wakamaliza vizuri. Kenya hawatofautiani sana na sisi, isipokuwa ratiba yenyewe huweza kukatika: mgomo wa wahadhiri wa 2025 uliendelea zaidi ya mwezi.

Ujerumani inatoa uhuru mwingi na haina huruma mwishoni. Hakuna wa kukuhesabu darasani kwenye mihadhara mingi, unajipangia mtihani mwenyewe. Ila mtihani wa lazima kwa kawaida una majaribio matatu, na ukishindwa la mwisho unafungiwa kozi hiyo nchi nzima, si chuo hicho tu. Kijana aliyezoea kusukumwa, mwenye mlezi wa bweni na kengele, aufikirie sana mstari huo. China ni kinyume, mahudhurio yanafuatiliwa na ufadhili hukaguliwa kila mwaka. Anayezembea anaona posho imesimama.

Cheti ukirudi

Cha ndani kinapita bila maswali iwapo chuo na kozi vilikuwa na ithibati siku ulipodahiliwa. Hakiki kozi pia, usiishie kwenye chuo. Cha nje kinapelekwa TCU kutambuliwa. Kabla ya kuondoka, omba kwao cheti cha kutokuwa na pingamizi, maana kinakuokoa na mshangao wa miaka minne baadaye.

Kenya ina wepesi fulani hapa. Mei 2017 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lenye makao Kampala linashughulikia ulinganifu. Ujerumani, tatizo huwa ni tafsiri za nyaraka na subira. China kuna jambo dogo linaloumiza watu: chuo hutoa karatasi mbili, moja ya kuhitimu na nyingine ya shahada, na anayerudi na moja hajakamilika.

Juu ya haya yote kuna bodi za taaluma. Daktari atakutana na Baraza la Madaktari Tanganyika, mhandisi na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mwanasheria na Shule ya Sheria, mhasibu na bodi ya wahasibu, NBAA. Kwa sheria mimi nasema waziwazi: kama unataka kuvaa joho katika mahakama za Tanzania, usianzie shahada ya kwanza nje bila sababu nzito. Sheria za nchi nyingine utazijua vizuri, kisha urudi kujifunza za kwenu.

Marekani na Uingereza nimeziacha kwa makusudi, kwa sababu kwa familia nyingi ada ndiyo inayoamua. Neno moja tu juu ya Marekani: vyuo vyake havipewi ithibati na wizara, vinapewa na mashirika yasiyo ya serikali, na baadhi ya vinavyojiita vyuo vikuu havina inayotambulika. Ukipata barua kutoka huko, anza kuchunguza ithibati kabla ya kufurahia.

Kulingana na hali yako

Una prinsipo zako, familia haina akiba, na kozi unayoitaka ipo nyumbani: baki, pigania mkopo, jaza fomu mapema na umwachie mtu mmoja unayemwamini nywila iliyoandikwa kwa herufi zinazosomeka kabla ya kwenda kambini.

Familia ina uwezo wa wastani, umekosa dirisha au kozi uliyoitaka imejaa, na hutaki kukaa mbali na nyumbani: Kenya inafaa, kwa sharti kwamba mmeshaona ada ya miaka minne kwa maandishi na mnaweza kuvumilia kalenda inayoteleza.

Umefaulu vizuri sana sayansi, unapenda lugha, uko tayari kusubiri mwaka na unafanya vizuri zaidi ukiwa chini ya ratiba kali: omba ufadhili wa serikali ya China kupitia Wizara ya Elimu au ubalozi, na mwaka huo wa kusubiri ujifunze Kichina Chimwaga. Kwa udaktari, tazama kwanza orodha ya wizara yao.

Unajisukuma mwenyewe, hesabu na fizikia hazikutishi, na kuna ndugu au mfadhili wa kuijaza ile akaunti: Ujerumani. Kama hiyo milioni 30 haipo, soma shahada ya kwanza hapa, anza Kijerumani taratibu, kisha omba uzamili ukiwa na matokeo mkononi. Wapo wanaoiona njia hiyo kama kuahirisha ndoto. Mimi naiona ndiyo yenye mlango mpana zaidi kwa mtoto wa mkulima.

Na kama bado umegawanyika kati ya mbili, chukua karatasi, andika majina ya nchi hizo juu, halafu chini ya kila moja jibu kwa maandishi: tarehe ya mwisho ya kuomba, jumla ya pesa hadi siku ya kuhitimu, na ofisi utakayoiendea ukikwama. Ile ambayo hukuweza kuijaza ndiyo ya kuulizia kesho asubuhi.